Muulize Mwandishi: Bibi alisema "akawaza". Kamera itaonyesha nini?

*Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Ngamiani hapa Tanga. Nina miaka 44 na watoto watatu. Tangu utotoni mimi ni mtu wa hadithi. Mjomba wangu alikuwa na banda la video, nami nilikaa mlangoni kukusanya hela. Filamu zenyewe niliziona nusunusu kwa upenyo wa pazia, ila sauti ya Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu, niliisikia yote. Nikirudi nyumbani nawasimulia wadogo zangu filamu nzima, na pale nisipopaona napatunga mwenyewe. Hadi leo wateja wakisubiri nguo nawasimulia. Kuna mama mmoja huniletea nguo zisizo na tatizo lolote, anataka tu kujua yule binti wa wiki iliyopita aliolewa au hakuolewa.*

*Nimejaza kaunta buku kumi na moja, na ninachotaka ni kuandika filamu. Kijana mmoja anayepiga video za harusi amesoma hadithi yangu ya Zuhura, ambaye kaka yake amemdhulumu shamba la minazi la marehemu baba yao. Ameipenda. Anasema nimwachie daftari atafute watu, mengine tutaelewana mbele ya safari. Nakutumia ukurasa wa kwanza. Niambie ukweli mama: nimechelewa? Bila chuo na bila Kiingereza inawezekana? Na daftari nimwachie?*

*Fundi wa Ngamiani, Tanga*

Marahaba mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka: daftari usimwachie.

Kijana huyo simjui na simsemi vibaya. Huenda ana nia njema kabisa. Ila mwaka 2009 na mimi nilimwachia mtu bahasha. Ndani yake mlikuwa na skripti ya kurasa 84 niliyoiandika kwa miezi saba, usiku, baada ya kazi. Nilimkabidhi prodyuza mkononi, tukanywa soda, akaniambia tutaelewana. Mwaka uliofuata nikiwa Kariakoo natafuta vitasa vya mlango, nikaona kwenye meza ya mchuuzi wa DVD sura ya mwigizaji amevaa kanga kichwani jinsi nilivyoandika, amesimama mbele ya kisima nilichokiandika. Nilinunua ile DVD. Nikaitazama hadi mwisho, majina yakapita yote, langu halimo. Nakala nyingine sikuwa nayo, barua sikuwa nayo, shahidi wangu alikuwa muuza soda. Hadi leo ninavyokuandikia mkono unanitetemeka kidogo.

Basi fanya hivi. Hadithi ya Zuhura ipige picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, ujitumie mwenyewe kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Ukishaiandika kama skripti, nenda ukaisajili COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki. Kisheria haki yako inaanza pale tu unapoandika, hata kabla ya kusajili, lakini mkibishana cheti kinakusemea. Jua pia mpaka wa ulinzi huo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda ulichokiandika, hailindi wazo. Ukimsimulia mtu kibandani habari ya dada aliyedhulumiwa minazi, akaenda akaandika ya kwake, huna pa kumshika. Akizichukua kurasa zako na maneno yako, unapo. Wale wateja endelea kuwasimulia, usije ukawa bubu kwa hofu. Ila ile moja unayotaka iwe filamu iweke akiba.

Kijana wa harusi mwambie hivi: tuandikiane. Karatasi moja inatosha, mbele ya mwenyekiti wa mtaa au mwanasheria mkimpata. Iseme hadithi ni ya nani, jina lako litaandikwaje kwenye filamu, utalipwa kiasi gani na lini, na filamu isipotengenezwa ndani ya muda mliopatana haki zinarudi kwako. Akikasirika kwa kuombwa karatasi, umepata jibu lako mapema.

Kuhusu umri sitakawia. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge, huko huko mkoani kwenu. Wakati huo huku Bara televisheni hatukuwa nayo. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi tukasubiri hadi 1994. Sini yangu ya kwanza, yaani tukio moja la mchezo, ilirushwa nikiwa na miaka 41. Wewe una 44 na tayari una watu wanaoleta nguo nzima kwa fundi ili wakusikie. Kuna vijana wenye vyeti wanaoomba usiku na mchana wapate hadhira hiyo.

Sasa tuje kwenye ukurasa wako, maana hapa ndipo penye kazi. Umeanza hivi: "Zuhura alikuwa na uchungu mwingi moyoni. Kila alipomwona kaka yake alikumbuka alivyomdhulumu shamba la minazi waliloachiwa na marehemu baba yao, akawaza, hivi damu moja inawezaje kuwa chungu namna hii?"

Kwa masikio ni pazuri. Nimesoma kwa sauti jikoni kwangu na mjukuu wangu akaacha alichokuwa akifanya. Lakini nataka uketi kwenye kiti cha mtu wa kamera. Amefika Ngamiani, amefunga kamera kwenye miguu yake mitatu, mwigizaji ameshapakwa poda. Anakuuliza: mama, nipige nini? Utamwambia apige uchungu? Utamwambia apige "akawaza"?

Swali hilo niliulizwa mimi mwaka 2002 na dairekta wangu wa kwanza. Niliandika, "Moyo wake ulijaa majuto ya miaka mingi." Alikuwa mtu mpole, hakucheka. Alinipa kalamu akasema, "Mama, niandikie mikono yake inafanya nini." Nilikaa na kalamu ile hadi chai ikapoa. Nilikuwa nimesimulia hadithi maisha yangu yote na sikujua mikono ya yule mzee inafanya nini.

Unajua tatizo limetoka wapi? Limetoka kwa bibi zetu, na nasema hivi kwa heshima yao. Bibi yangu akibangua korosho alikuwa akisimulia, nasi tukiitikia, na alikuwa na uwezo wa kuingia ndani ya kichwa cha sungura akatuambia anawaza nini, akatoka, akaingia kichwa cha fisi. Sauti yake ndiyo ilikuwa mlango. Mwandishi wa filamu ananyang'anywa sauti hiyo. Wewe uliyekulia kwenye banda la video una funzo zaidi ya wengine. Lufufu alikuwa akichukua filamu, kitu cha macho, akaigeuza kuwa hadithi ya masikio, akajaza mwenyewe yasiyosemwa. Uliisikia kazi yake kutoka nyuma ya pazia, ikakufundisha. Sasa unatakiwa kupita barabara hiyo hiyo kwa kurudi nyuma: una hadithi ya masikio, uigeuze iwe ya macho, na asiwepo mtu wa kueleza.

Nimejaribu kukuonyesha kwa Zuhura wako. Nimempa kazi yako, kwa sababu naijua kidogo na wewe unaijua sana.

NDANI. KIBANDA CHA FUNDI. JIONI.

ZUHURA (miaka 40) anakanyaga cherehani. Kivuli kinaziba mlango. Miguu yake inasimama.

KAKA (miaka 50) anaingia, hasalimii. Anatupa suruali juu ya meza.

KAKA: Iachie kiunoni. Inanibana.

Zuhura anachukua futikamba, anamzungushia kiunoni. Anasoma namba. Anaisoma tena. Anaiandika kwa chaki pembeni mwa meza. Kisha anapekua mifuko ya suruali, kama anavyopekua ya kila mteja. Anatoa karatasi iliyokunjwa. Anaikunjua: hesabu ya nazi zilizouzwa, bei, sahihi ya kaka yake. Kaka yuko mlangoni anaangalia simu, hana habari.

Zuhura anaikunja karatasi, anaisukuma chini ya cherehani.

ZUHURA: Njoo Alhamisi.

Tazama mwanangu. Huyu kaka amenenepa, na anayetazama ameshajua amenenepa kwa nini. Ameingia kwa dada yake bila hata "habari za kazi", na kwetu hilo peke yake ni kofi. Zuhura amepiga mahesabu yake na hakutamka neno shamba. Na Alhamisi? Mtu akitoka ukumbini hapo atarudi, kwa sababu anataka kujua Alhamisi kutatokea nini. Yule mama anayekuletea nguo zisizo na tatizo, umemshika kwa namna hiyo hiyo wiki hata wiki. Kumbe unajua. Hujaanza tu kuiandika.

Sini hii ni yangu, usiitumie. Andika ya kwako itakayoizidi. Wewe ndiye unayejua mtu mwenye hatia anasimamaje akipimwa mwili.

Sikiliza pia herufi mbili. Hadithi zetu zinatembea kwa "ka": akaenda, akaona, akalia, akarudi. Ni mwendo mtamu, na unaficha mengi. Kwenye "akalia" bibi anaweza kupitisha mwaka mzima. Skripti inatembea kwa "na": anafungua, anapekua, anakunja. Kila kitu kinatokea sasa hivi mbele ya macho. Chukua daftari lako la kwanza, ufute kila "ka" kwa penseli uandike "na" juu yake. Pale sentensi itakapokataa, pale utakapoandika "anawaza" ukaona haionekani, weka alama. Alama hizo ndizo sini unazotakiwa kuzitafutia mikono. Mimi nilifanya zoezi hili kwa miezi minne na bado nalifanya.

Kanuni za ukurasa ni chache, fundi hazitakushinda. Kila sini ina kichwa chake: ndani au nje, mahali gani, saa gani. Chini yake unaandika tunachokiona, kwa mistari mifupi. Jina la anayesema liko katikati ya ukurasa, maneno yake chini yake. Ukichapa kwa mwandiko wa Courier ukubwa wa 12, ukurasa mmoja ni takriban dakika moja ya filamu, kwa hiyo filamu ya dakika 90 ina kurasa kama 90. Watu wa seti wanatumia hesabu hiyo kupanga siku na gharama. Ukiandika "usiku, mvua, baharini" umemdai prodyuza mashua, taa na magari ya maji. Ukiandika "kibandani, jioni" umempa filamu anayoweza kuimudu. Anza na filamu ya kurasa kumi inayoishia Ngamiani.

Chuo kinasaidia, sitakudanganya. TaSUBa ya Bagamoyo inafundisha sanaa tangu mwaka 1981, na kule Kampala Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na Mira Nair mwaka 2004, imewanoa waandishi kutoka nchi zetu zote hizi. Ila una watoto watatu na kibanda. Kutokwenda chuo hakukuzuii kukaa mbele ya filamu ukiwa umezima sauti. Fanya hivyo kwa filamu yoyote unayoipenda: zima sauti, andika kila unachokiona, sini kwa sini, hadi mwisho. Ulipokuwa mtoto ulisikia bila kuona. Sasa uone bila kusikia. Ukimaliza tatu utakuwa umesoma zaidi ya muhula mmoja.

Na Kiingereza? Zuhura anaongea Kiswahili cha Tanga. Kaka yake pia. Waandikie maneno yanayotoka kinywani mwa watu wa Ngamiani. Kile cha mitihani hakitufai hapa. Mwigizaji akitoka Mwanza au Dar atajifunza lafudhi, ndiyo kazi anayolipwa.

Niletee kurasa kumi. Nitazisoma kwa sauti jikoni, mjukuu akiwepo.

*Mama, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, Morogoro. Nimeandika filamu fupi ya dakika 10 lakini imefika kurasa 23. Dairekta rafiki yangu anasema watu wangu wanaongea mno. Nikiyapunguza maneno naona hadithi haieleweki. Nifanyeje?*

Marahaba. Nadhani umelelewa na redio, kama mimi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 niliandika michezo ya redio ya mradi wa afya, na redioni maneno lazima yabebe kila kitu. "Mbona umeshika panga, mume wangu, na saa hizi ni usiku?" Msikilizaji hana macho, unamkopesha ya mke. Michezo ya redio ilitushika kweli. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilipoanza kurusha "Twende na Wakati", wanawake wa mtaani kwetu walikuwa wakimlaani Mkwaju, yule dereva wa lori, pale bombani, kama vile ni shemeji yao. Uandishi ule naupenda hadi leo. Kwenye filamu panga linaonekana. Yule mke akilitaja tena, anatuchosha.

Nenda kwenye sini zako utafute mahali mtu anapotaja kitu ambacho kipo mbele ya macho. Futa. Kwenye kurasa ulizonitumia nimeona umeanza sini nne kwa salamu kamili: habari za nyumbani, watoto hawajambo, mzee anaendeleaje. Ni adabu yetu na ni nzuri, lakini kwako zimekula karibu kurasa tatu. Ingia kwenye sini wameshasalimiana. Salamu ziache pale tu zinapofanya kazi. Kijana wako wa sini ya sita, yule anayerudi kutoka mjini na deni lake, mwingize sebuleni bila kumwamkia mama mkwe. Mama mkwe anyanyue macho kutoka kwenye mchele anaochambua, ayarudishe kwenye mchele. Hapo umeokoa ukurasa mzima wa ugomvi, na kila Mswahili atakayetazama ameshashika kichwa.

Kisha kaeni watatu msome kwa sauti huku mkipima kwa saa ya simu. Anayesoma akivuta pumzi katikati ya sentensi, sentensi ni ndefu. Usikate kwa sababu dairekta amesema. Kata pale wewe mwenyewe ulipochoka kusikia.

*Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Mwanza. Kuna riwaya nimeifundisha kwa miaka mingi na ninaiona yote kama filamu. Nimeanza kuiandika skripti. Nimefanya kosa?*

Mwalimu, kuiandika mezani kwako kwa kujifunza si kosa. Kuipeleka kwa prodyuza kabla ya ruhusa ndiyo kosa. Riwaya ina mwenyewe, na hata akifariki haki inabaki kwa warithi wake miaka 50. Inawezekana kabisa: "Vuta N'kuvute" ya Adam Shafi ilikuwa riwaya kabla Amil Shivji hajaiongoza kuwa filamu, nayo ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Ninyi walimu mna faida, mnazijua riwaya hadi nafasi za mkato. Mna hasara pia: mnataka kila sura iingie. Haitaingia. Riwaya ya kurasa 200 ina maisha ya watu kumi, na dakika zako 90 zinamtosha mmoja au wawili. Chagua wa kumfuata, na wale wengine uwaage kwa moyo mgumu, hata yule unayempenda kumfundisha Kidato cha Nne.

Lakini kabla ya hayo, andika barua. Jina la mchapishaji na anwani yake viko kwenye ukurasa wa haki, nyuma ya ule wa jina la kitabu. Jitambulishe, taja riwaya, omba wakuunganishe na mwandishi au familia yake, na utunze nakala ya barua hiyo pamoja na tarehe yake.